Kwa nini kila lugha husema mwanaume "amefungwa"? Uzi wa historia ya nguvu za kiume

#1 Fundi Makuti (mleta uzi)

Wakuu, za usiku.

Juzi nimekaa kwenye banda la pweza Temeke, saa tatu hivi. Muuzaji anakata mnyiri, anamimina supu kwenye kikombe cha plastiki, anakamulia ndimu, anasogeza pilipili. Wateja wote wanaume, na kila mmoja anajifanya kaja kwa njaa tu. Jamaa mmoja wa makamo akaanza kumsimulia mwenzake kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Kwingine kote niko vizuri. Kwa mama watoto ndio jogoo hapandi mtungi. Mimi nimefungwa, ndugu yangu." Pale bandani tulikuwa kama wanane. Hakuna aliyeuliza kafungwaje, na nani, kwa kamba gani. Tukatikisa vichwa, na mwenye pweza akamwongezea supu bure.

Nikarudi nyumbani na hilo neno kichwani. Mimi ni mtu wa kusoma historia, na neno hili nimeshakutana nalo mbali kabisa na Temeke. Makasisi wa Ulaya ya zamani waliliita jambo hili kwa Kilatini ligatura, yaani kufunga. Wafaransa walisema fulani "kafungiwa kamba", wakimaanisha ile kamba ya kukazia suruali kwa mbele, maana enzi hizo zipu hakuna. Wamisri mwanaume wa namna hii wanamwita marbut, aliyefungwa. Na sisi ndio hao. Tena sisi tumezidi, maana kitenzi cha ndoa na cha uchawi wa kuiharibu ni kile kile. Tunafunga ndoa, halafu bwana harusi anafungwa.

Kwa Waislamu wenzangu, kumbukeni Surat al-Falaq, tunaomba kinga na shari ya wanaopulizia mafundoni. Fundo kama silaha ni jambo la kale sana.

Ufaransa ya karne ya 16 na 17 utaratibu ulikuwa hivi, kwa walioamini. Padri anapotamka maneno ya kufungisha ndoa, adui amesimama huko nyuma kanisani na ugwe mfukoni. Anapiga fundo, ananong'ona maneno yake, kwisha habari. Bwana harusi akifika kitandani ni gogo. Watu waliogopa kiasi kwamba kusini mwa Ufaransa kuna maharusi waliokuwa wanatoroka kwenda kuoana kwa siri kijiji cha jirani, mafundi wa mafundo wasijue siku wala saa.

Kuna mengi, naendelea kidogo kidogo. Ngoja nifunge duka kwanza.

#2 Kijiko cha Mwiko

Naweka kiti hapa. Kumbe wazungu nao walilogana!

#3 Mzee Baraza

Mleta uzi umeanza vizuri, ila hao wenye kusema "kwingine niko vizuri" ndio penyewe. Ikikataa kwa wote, huo ni ugonjwa. Ikikataa kwa mmoja, huo ni mkono wa mtu. Hili halihitaji digrii.

#4 Binti wa Kibokoni

Mzee Baraza shikamoo. Na mimi niseme langu kutoka Mombasa.

Nyanya yangu alikuwa somo, yaani kungwi, ameshawaingiza maharusi wengi ndani. Siku ya harusi, kabla bwana harusi hajaletwa, alikuwa akijifungia katika chumba cha fungate peke yake na taa. Ainua godoro, apitisha mkono nyuma ya kabati, atazama juu ya mlango, afukua hata chungu cha mauwa. Nilimuuliza atafuta nini. Akaniambia: kufuli lililofungwa, au uzi wenye mafundo. Sijaona akipata. Lakini bwana harusi akiingia, huambiwa kwamba chumba kimekaguliwa na bibi, na nafikiri hilo peke yake lilimtoa jasho nusu.

Ila nataka wanaume mnijibu. Akishindwa nyumbani, husemwa hawara kamfunga. Akishindwa kwa hawara, husemwa mkewe kamfunga asitoke nje. Yeye mwenyewe mwanamume huwa yuko wapi katika maneno haya? Wanawake wawili washikana, na yeye katikati kama mzigo wa forodhani.

#5 Kijiko cha Mwiko

😂😂 mzigo wa forodhani. Dada umetuua.

#6 Fundi Makuti

Nimerudi. Mzee Baraza, hoja yako ina zaidi ya miaka 800 na imeandikwa kwenye sheria ya Kanisa, sikutanii.

Wanasheria wa Kanisa Katoliki walikuwa na shida ya kweli. Ndoa haivunjiki, lakini mwanaume asiyeweza tendo hajaikamilisha. Sasa mke anakuja analia, ufanyeje? Wakagawanya mafungu mawili. Kuna wa baridi, yaani kaumbwa hivyo, kwa mwanamke yeyote hawezi. Na kuna aliyelogwa, ambaye kwa huyu hawezi na kwa yule anaweza. Wa baridi ndoa ikivunjwa haruhusiwi kuoa tena. Aliyelogwa anaweza kuruhusiwa aoe mwingine, maana fundo lake linahusu yule wa kwanza. Kabla ya yote wawili hao waliambiwa wakae pamoja miaka mitatu wakijaribu, na kwa aliyelogwa kulikuwa na maungamo, sala na sadaka.

Hebu fikiria kidogo: ukiwa mwanaume na mkeo kakushtaki, utachagua kuitwa wa baridi au kuitwa uliyelogwa? Uchawi ulikuwa heshima. Ulikuwa unakwambia kwamba mashine ni nzima, ila kuna mwizi kachukua ufunguo.

Na vifaa vyenyewe ndivyo vilivyonishtua. Kuna maandishi ya tiba yanayohusishwa na Constantine Mwafrika, mtu wa Tunisia wa karne ya 11 aliyeishia kuwa mtawa Monte Cassino kule Italia. Yanaorodhesha namna watu wanavyofungwa: korodani za jogoo chini ya kitanda, maandishi kwa damu ya popo, tunda la mwaloni lililopasuliwa likawekwa nusu upande huu wa njia na nusu ule ili maharusi wapite katikati. Na sindano iliyoshonea sanda. Soma tena hiyo ya mwisho halafu uniambie hujawahi kuisikia kwa bibi yako.

Kesi maarufu ni ya Martin Guerre, kijiji cha Artigat, milima ya Pyrenees. Aliozwa kama mwaka 1538 akiwa kijana mdogo kwa Bertrande de Rols. Miaka minane hakuna kitu. Kijiji kinawacheka, vijana wanawapigia makelele ya kuwadhihaki. Familia ya mke inamshauri aachike, anakataa. Mwishoni akaja bibi mmoja akawapa maelekezo: misa nne, hostia takatifu na mikate maalumu ya kula. Wakafanya, fundo likafunguka, mtoto wa kiume akapatikana. (Huyu Martin ndiye baadaye alitoroka, na mtu mwingine akaja kujifanya yeye akaishi na mke wake. Hiyo inataka uzi wake.)

#7 Dkt wa Asili 100%

KWA WENYE TATIZO LA NGUVU ZA KIUME, MAUMBILE MADOGO, KUFUNGWA, MVUTO WA BIASHARA. Dawa siku 3 tu unapona kabisa. Njoo PM.

#8 Kijiko cha Mwiko

Hawakosi. Hata tukianzisha uzi wa mbolea watakuja.

#9 Fundi Makuti

Mwacheni, kanikumbusha babu yao.

Mwaka 1889 daktari mkubwa wa Ufaransa, Brown-Séquard, ana miaka 72, alijidunga sindano ya maji ya korodani za mbwa na simbilisi (guinea pig), akatangaza mbele ya wenzake kwamba amerudi ujana. Mwaka 1920 Serge Voronoff, huko huko Ufaransa, akaanza kupandikiza vipande vya korodani za sokwe kwa wazee wenye hela. Na Marekani, kijiji cha Milford jimbo la Kansas, kulikuwa na John Brinkley. Huyo alitumia za mbuzi. Mteja alifika, akapasuliwa, akatiwa kipande cha mbuzi, akalipa dola 750, pesa ya kununua gari enzi hizo. Mwaka 1923 akafungua kituo chake cha redio, anapiga muziki, anahubiri, anajibu barua za wagonjwa hewani na kuwaambia wakanunue dawa namba fulani. Mwaka 1930 wakamnyang'anya leseni ya udaktari na ya redio. Akagombea ugavana mwaka huo huo, nusura ashinde! Kisha akahamia mpakani Texas, akajenga mnara upande wa Mexico.

Ukiona karatasi kwenye nguzo ya umeme imeandikwa mtaalamu na namba ya simu, ujue ni mnara wa Brinkley uliokosa mtaji.

#10 Mwana Mulembe

Huku Kakamega hatuna haja ya mbuzi, tuna mukombero. Mzizi unatafunwa tu ukitembea, mtamu kiasi halafu unawasha ulimi. Waganda wanauita mulondo. Nimetafuna tangu utotoni, mke ana malalamiko lakini si ya upande huo.

#11 Abu Salim, Muscat

Mimi naongezea neno moja. Tunalosema Kiswahili "hanithi" kwa mtu asiye na nguvu, huku Oman khanith si huyo. Ni mwanaume mwenye mwendo na mavazi ya kike. Asiyeweza tendo Waarabu wanamwita innin. Neno lilipovuka bahari kuja kwetu likabeba mizigo miwili, na hadi leo mtu akiitwa hanithi hujui katukanwa lipi. Wazee wetu waliunganisha kutoweza na kutokuwa mwanaume, basi.

Na kwenye fiqhi innin hafukuzwi siku hiyo hiyo. Mke akishtaki, kadhi anampa mume mwaka mzima, hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar. Hekima yake mafakihi wameieleza: mwaka una misimu minne. Kama kinachomsumbua ni baridi, joto litamfungua. Kama ni ukavu, masika yatamfungua. Ikipita misimu yote na hali ni ile ile, mke ana haki ya kutoka. Mimi napenda sana hii, kwa sababu kadhi hakuuliza nani mchawi. Aliangalia hewa.

#12 Mzee Baraza

Abu Salim, Allah akulipe. Ila uchawi umo ndani ya Qur'ani, al-Baqara 102, wanajifunza cha kumtenganisha mtu na mkewe. Tusiukatae.

#13 Abu Salim, Muscat

Siukatai, mzee wangu. Nasema kadhi alianza na mwaka, hakuanza na mganga.

#14 Mtoto wa Bukavu

Nyie mnasema kufungwa, Kinshasa walisema kuibiwa kabisa. Aprili 2008 ilivuma kwamba watu wanaguswa tu barabarani na maumbile yanasinyaa au yanapotea. Redio zikapokea simu. Abiria wa teksi za kuchangia walikuwa wakiogopa mtu mwenye pete ya dhahabu. Polisi wakakamata watu 13 walioshukiwa kuwa wachawi, na walalamikaji 14 wakawaweka ndani pia, kwa sababu umati ulitaka kuua. Mkuu wa polisi aliwaambia wajiangalie, kitu kiko pale pale. Hawakusadiki.

Na isisemwe ni sisi Wakongo tu. Singapore mwaka 1967 ilivuma kwamba nyama ya nguruwe waliochanjwa inafanya uume urudi tumboni. Mamia wakakimbilia hospitali wameshikilia kwa mikono, wengine kwa vijiti na vibanio. Ikapoa baada ya madaktari kusema kwenye redio na televisheni.

#15 Mgeni Njoo

Wakuu, akaunti hii nimeifungua leo kwa ajili ya uzi huu. Nina miaka 29. Nimeoa miezi miwili iliyopita. Kabla ya ndoa sikuwa na tatizo, sitaki kueleza zaidi. Usiku wa kwanza nilishindwa. Nikasema uchovu wa sherehe. Wa pili, nikasema wa tatu. Sasa hivi ikifika saa nne usiku tumbo linaanza kunivuruga kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama amejua, sijui kajuaje. Anasema kuna binti niliyemwacha ndiye kanifunga, na ameshapata mtaalamu Tanga, anataka jogoo mwekundu na laki nne. Nimesoma uzi mzima. Naombeni ushauri, msinicheke.

#16 Binti wa Kibokoni

Hakuna wa kukucheka kakangu. Swali moja tu: mkeo asemaje?

#17 Mgeni Njoo

Hatujaongea. Nazima taa mapema.

#18 Fundi Makuti

Mdogo wangu, kuna kisa nilikuwa nimekiweka akiba, acha nikitoe kwako.

Montaigne, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 16, alikuwa na rafiki aliyekuwa anaoa mwanamke mzuri. Kwenye sherehe alikuwepo mwanaume aliyewahi kumtaka huyo bibi harusi. Ndugu wa bwana harusi, mama mmoja mzee, roho juu: huyu atatufungia mtu wetu. Montaigne akamwambia mama aniachie mimi. Alikuwa na kidude cha dhahabu, bapa, kimechorwa alama za nyota, alichopewa na rafiki yake kwa ajili ya kuzuia jua kali na kuumwa kichwa. Kina utepe wa kufunga. Akamwambia bwana harusi kwa siri: mambo yakienda vibaya, tukikuletea chakula cha usiku wa manane nipe ishara.

Chakula kikaletwa, ishara ikatolewa. Jamaa alikuwa amejazwa hofu mpaka utosini. Montaigne akamwelekeza: jifanye unatufukuza, chukua joho langu ulivae, nenda kakojoe, sema dua fulani mara tatu, na kila mara ufunge utepe huu kiunoni, kidude kikae sawasawa kwenye figo. Kisha rudi kazini bila wasiwasi. Akarudi. Kazi ikaenda.

Montaigne mwenyewe alijua kidude hakina kitu. Alisema wazi kwamba yale mazingaombwe ndiyo dawa, na kwamba kufungwa huku kwingi ni woga: ukishindwa mara moja, mara ya pili unakuja na kumbukumbu ya mara ya kwanza. Angalia alivyofanya lakini. Alimfungua mtu kwa kumfunga utepe.

Kabla yake sana, karne ya 5 kabla ya Kristo, maandishi ya Hippocrates yalishaeleza Waskithi, wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Wengi wao walikosa nguvu na waliamini ni mungu kawakasirikia. Mganga wa Kigiriki akajibu kwa akili ya mtaani kabisa: kama ni mungu, basi maskini ndio wangepata zaidi, maana ndio hawana sadaka za kumtuliza. Mbona wanaopata ni matajiri? Kwa sababu matajiri ndio wenye farasi, wanakaa juu yake siku nzima. Maelezo yake mengine ya tiba hayana maana, lakini hilo swali la maskini na tajiri mimi nalivulia kofia. Laki nne na jogoo, mdogo wangu. Jiulize kwa nini uchawi wako una bei inayolingana na mshahara wako.

#19 Mama Dawa (mfamasia)

Nimekuwa msomaji tu, sasa niingie. Nipo nyuma ya kaunta mwaka wa 14. Wateja wa vidonge vya bluu nawajua kabla hawajafungua mdomo. Wananunua Panadol kwanza, wanasubiri wenzao waondoke, kisha wanaonyesha kwa vidole: mbili.

Mgeni Njoo, nisikilize. Jambo la kwanza si dawa. Je, alfajiri inasimama yenyewe? Mwanaume mzima akilala, mwili huwa unafanya hivyo mara kadhaa usiku bila yeye kujua, hata kama mchana amejaa hofu. Hofu inalala, damu hailali. Ikisimama usingizini, mishipa na neva zinafanya kazi, tatizo limekaa kichwani. Isiposimama kabisa, hapo tuangalie mwili: sukari, presha, sigara, dawa unazotumia.

Zamani, miaka ya 1980, kabla vipimo havijawa vingi, kulikuwa na kipimo cha stempu. Ndiyo, stempu za posta. Unachukua mkanda wa stempu nne zilizoshikana, unazungusha kwenye uume ukiwa umelala, unagandisha ncha kwa kulowesha gundi, unalala. Fanya kama siku tatu. Asubuhi zikiwa zimekatika kwenye vile vitobo, jibu unalo. Leo kuna vifaa bora, na kipimo hiki hakimalizi kila kitu, lakini ni cha kupunguzia roho presha.

Na wewe Mzee Baraza, hili la "kwa huyu inakataa kwa yule inakubali", sisi tunalisoma kinyume chako. Hiyo ndiyo dalili kwamba mwili ni mzima.

Wengine wote: sildenafili, ndiyo hiyo dawa ya kidonge cha bluu, ilikuwa inajaribiwa kwa maumivu ya kifua ya moyo, maabara ya Pfizer mji wa Sandwich, Uingereza. Kifua haikukisaidia sana, wagonjwa wakaripoti jambo lingine. Marekani wakaidhinisha tarehe 27 Machi 1998. Haileti hamu. Inasaidia damu ikae pale hamu ikiwepo. Ukiinywa huku unatumia dawa za moyo za nitrati, presha inaweza kuporomoka ukafa. Na hizo poda zenu za "asili", sijui vumbi gani: mamlaka za dawa, FDA ya Marekani ikiwemo, zimeshakuta sildenafili hiyo hiyo imechanganywa humo kimya kimya. Unadhani umekunywa mzizi, kumbe umekunywa kidonge kisichojulikana kipimo.

Mwenye miaka 45 na kuendelea ambaye mambo yamepungua pole pole kwa wote, usiende kwa mganga wala usije kwangu. Nenda kapime sukari na moyo. Mishipa ya huko chini ni myembamba, ikianza kuziba inaweza kulalamika kabla ya ile ya moyo.

#20 Mzee Baraza

Mama Dawa nimekusikia. Nina miaka 61. Sisemi zaidi.

#21 Kijiko cha Mwiko

Mkuu mleta uzi, ulisema wake walikuwa wanawashtaki waume. Mahakamani ilikuwaje?

#22 Fundi Makuti

Fupi basi, nina usingizi. Ufaransa mwanaume aliyeshtakiwa na mkewe aliweza kupewa jaribio la mwisho: atende mbele ya mashahidi. Kitanda kina mapazia, nje ya pazia wamekaa madaktari, wapasuaji na wakunga wanasubiri kukagua. Mwaka 1659 Marquis de Langey, kwa kujiamini, aliliomba mwenyewe. Paris nzima ikacheka, kwa sababu alishindwa. Ndoa ikafutwa. Akaoa mwingine, akazaa naye watoto saba! Ndipo wakuu wakaanza kujiuliza jaribio lenyewe linapima nini. Mwaka 1677 Bunge la Paris, ambalo ndilo lilikuwa mahakama kuu, likalipiga marufuku.

Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 39, kutoweza tendo wakati wa kuoana ni sababu ya kuomba ndoa ibatilishwe. Mapazia hayamo, tushukuru.

#23 Mgeni Njoo

Nimerudi na mrejesho. Mama nimemwambia nitamjibu mwisho wa mwezi.

Posta dada wa dirishani aliniuliza barua inakwenda wapi. Nikasema Mwanza. Akanipa nne.

Usiku wa kwanza hazikukatika, gundi ilibanduka. Wa pili nikazilowesha vizuri. Nimeamka kama saa kumi na moja, nimepapasa: zimechanika kwenye vitobo, sehemu mbili. Sukari nimepima jana yake, 5.1. Presha 122 kwa 78.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimezishika, nadhani nilicheka. Mke akaamka, akauliza nimeshika nini gizani. Nikamwambia stempu. Akauliza za nini. Nikawasha taa. Adhana imetukuta bado tunaongea.